Mashindano ya Watoto katika Nchi ya Chai

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa na pepo za kusi zikivuma huku kwetu, tuliwapeleka watoto kambini katika nchi ya chai: kwa garimoshi kutoka Mombasa, kisha kwa basi kupitia Nakuru na Molo hadi Kericho. Aliyekulia chini ya minazi huishiwa na maneno aionapo nchi ile. Chai imefunika vilima, imepogolewa sawasawa kama busati la kijani. Mashamba yale makubwa yalianzishwa katika miaka ya 1920. Mji u kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake ya alfajiri, maji ya udhu yakigusa kiwiko, haielezeki.

Mashindano yalipangwa asubuhi, kwa kuwa huko mvua hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingine mvua ya mawe. Watoto wetu walichanganywa na wenyeji wao Wakipsigisi katika timu nne, ndugu wa tumbo moja wakitenganishwa kwa makusudi. Baadhi yetu kina mama tulinung'unika. Watoto wenyewe hawakujali.

Katika mbio wetu hawakufua dafu. Hewa ya juu ni nyepesi, na huko ndiko alikozaliwa Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Mabinti wetu, wamevaa mitandio na suruali pana za michezo, walifika mwisho wakihema na kucheka.

Lililotupendeza zaidi lilikuwa shindano la kuchuma chai. Mwamuzi alikuwa mama mmoja, mchumaji wa miaka mingi. Watoto wa huko walimwita kogo, yaani bibi, na wetu wakafuata. Sharti lake lilikuwa moja: majani mawili na chipukizi, basi. Mvulana mmoja wa Kisauni alijaza kikapu upesi upesi. Kogo akakimwaga juu ya turubai, akachambua, ikabaki robo. Msichana wa miaka tisa, aliyezoea kumchambulia nyanyake mchicha, alileta kidogo, lakini halikutupwa hata jani moja. Kogo akawaeleza kwamba kilo moja ya majani makavu hutaka zaidi ya kilo nne mbichi. Tangu hapo hatukuona chai iliyobakizwa kikombeni. (Katika mashamba makubwa, mashine sasa huchuma mahali pa mikono kama yake.)

Siku moja tulipumzika Bomet, kwenye maporomoko ya Tenwek katika mto Nyangores.

Siku ya mwisho, kwa ombi lao wenyewe, wasichana wa Pwani walipangiwa kuvutana kamba na wasichana wa huko. Michezo ilichelewa, adhuhuri ikaingia. Nahodha wetu aliomba wasali kwanza, ingawa mawingu yalikwisha kusongamana. Wapinzani wangeweza kudai ushindi. Waliketi nyasini, wakawashikia wenzao viatu. Sala ilipokwisha mvua ikaanguka, uwanja ukawa utelezi, na mwalimu akakataza mtu yeyote kuigusa kamba. Usiku ule mabwenini hapakuwa na kicheko.

Kamba ilivutwa asubuhi ya kuondoka, saa kumi na mbili na nusu, basi likiunguruma na umande ukiwa bado nyasini. Wetu waliburutwa mara mbili mfululizo, wakapanda basi na matope hadi magotini.