Nyimbo na Ngoma za Vijana wa Wales

Wales ni nchi ndogo iliyo magharibi ya Uingereza, nchi ya milima, mvua na kondoo. Waafrika wengi waendao huko kwa kazi au masomo hudhani kuwa wenyeji hawana lugha ila Kiingereza. Dhana hiyo humtoka upesi mtu ahudhuriaye Eisteddfod ya Urdd, mashindano ya vijana ya kuimba, kucheza ngoma na kughani mashairi, ambayo hufanyika kila mwaka karibu na mwisho wa Mei.

Urdd ni chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1922 na Ifan ab Owen Edwards, aliyeona kuwa watoto walikuwa wakiacha Kiwelisi hata katika michezo yao. Mashindano ya kwanza yalifanywa Corwen mwaka 1929. Hayana uwanja wa kudumu, bali huhama mahali hata mahali; mwaka 2025 yalikuwa Parc Margam, karibu na Port Talbot. Watoto hushindana kwanza katika wilaya zao, kisha katika majimbo, na walio bora ndio wapelekwao mbele.

Huko Margam alifika Mkenya mmoja akaaye Cardiff, pamoja na binti yake wa miaka tisa. Waliwaona vijana wakicheza kwa viatu vyenye soli za mti, wakiigonga sakafu kama ngozi ya ngoma. Waliwasikia wengine wakiimba kwa kinubi: kinubi kikafuata tuni moja na waimbaji nyingine, lakini wote wakafika mwisho pamoja. Hata chai iliuzwa kwa Kiwelisi. Baba hakuelewa neno. Binti ndiye aliyemfasiria, maana shule za serikali nchini Wales hufundisha lugha hiyo.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Katika karne ya 19, katika shule kadha wa kadha, mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni, mpaka apatikane mwenzake mwenye kosa lile lile. Wasomaji wengi wa Kenya hawahitaji maelezo zaidi, kwani kibao cha namna hiyo kilijulikana katika shule zao pia. Mwaka 1911 watu 43 hivi katika kila 100 nchini Wales walisema Kiwelisi. Mwaka 2021 walikuwa 18 tu.

Kenya nayo ina mashindano yake ya muziki, yaliyoanza mwaka 1927, na watoto huimba humo nyimbo za makabila yao kwa ustadi. Lakini wengi wakishuka jukwaani huiacha lugha pale pale. Watoto wa Margam waliposhuka waligombania mpira kwa lugha ile ile waliyoimba.

Jioni baba alimpigia simu mama yake aliyeko Machakos, akampa binti amsalimu. Binti akacheka tu, asijue la kujibu. Mtoto aliyekuwa mkalimani mchana kutwa sasa alihitaji kufasiriwa salamu za nyanya yake mwenyewe. Baba hakumlaumu, kwa kuwa si mtoto achaguaye lugha ya nyumbani.

Tangu siku ile, katika nyumba ile, chakula cha jioni huombwa kwa Kikamba. Asiyejua neno huambiwa, kisha hupewa sahani yake.