Mgeni wa Gramu Kumi Hillbrow

Ukiitaja Hillbrow kwa Mswahili aliyewahi kupita Johannesburg, atakusimulia maghorofa yaliyojaa watu, honi za teksi na vibaka wa simu. Hakukosea. Lakini mimi muuguzi ninayeishi hapa mwaka wa nne sasa, nawaambia ndugu zangu mnaopanga kuja kututembelea: njooni kati ya Novemba na Machi, mkatazame miti.

Mtamkuta ndege mdogo wa kijani kilichofifia, kifua cha manjano hafifu na mstari mweupe juu ya jicho, akiokota vidukari kwenye majani. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Ana gramu kumi hivi. Hafikii vijiko vitatu vya chai vya sukari. Huzaliana Ulaya na Siberia, baridi ikikaribia hushuka Afrika. Watafiti waliwafunga vifaa vya kufuatilia safari ndege wa mashariki ya mbali ya Urusi, wakakuta wanasafiri takriban kilomita 13,000 hadi Afrika Mashariki. Huenda sisi tuliokulia Tanga tulipishana naye utotoni bila kumjua. Na kabla ya kurudi kwao, hubadilisha manyoya yote akiwa huku huku Afrika.

Katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, yeye yumo kundi la wasiotia wasiwasi, maana bado ni wengi mno. Lakini kusini mwa Uingereza wamepungua sana, hata nchi hiyo ikamwekea alama ya tahadhari. Wodini tunajua: mgonjwa akiandikwa hali yake inaridhisha, bado unampima presha kila zamu.

Naye anategemea makazi zaidi ya moja. Johannesburg kwa asili ni nchi ya nyasi. Miti hii mingi ilipandwa na watu baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886. Sasa kuna bungua mdogo kutoka Asia, aliyetambuliwa Afrika Kusini mwaka 2017, anayetoboa shina na kuingiza kuvu inayoua mti. Katika mtaa wa zege kama wetu, mti mmoja ukikatwa pengo lake linaonekana. Wenye nyumba, mkikata uliokufa pandeni mwingine, na kuni zake msizihamishie mtaa mwingine, kwani bungua husafiri nazo.

Mkija na watoto, anzeni Constitution Hill, kisha shukeni bustani ya The Wilds, upande wa kaskazini. Nendeni asubuhi, watu watatu au wanne, simu mfukoni. Msihangaike kumtafuta kwa macho, sikilizeni kwanza. Huita kwa upole, sauti ikipanda mwishoni kama mtu anayeuliza: hu-iit? Mnara wa Hillbrow, mita 269, mtauona tu popote mlipo. Huyu inabidi mnyamaze.