Chupa moja, watoto kumi



Wale watu wa anketi wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chanjo wana swali moja linalonisumbua. Wanauliza: "Juu ya nini mtoto huyu hakumaliza chanjo zake?" Kisha wanachagua jibu katika orodha yao. Mama hajui faida yake. Mama anaogopa. Mama amekataa. Mama hana muda. Mimi nilisoma pedagojia, na jambo moja tulilofundishwa ni kwamba ukimpa mwanafunzi majibu manne ya kuchagua na jibu la kweli halimo, usimlaumu mwanafunzi.

Walipofika kwenye avenyu yetu, jirani yangu alijibu kwa kirefu, karibu dakika kumi, huku tunachambua sombe. Kijana aliyeshika mashine alimsikiliza kwa heshima, akabonyeza mara moja: hana muda. Sina ugomvi naye, maana mashine haikuwa na nafasi ya dakika kumi. Lakini mimi nilisikia yote.

Mtoto wake alikuwa na miezi kumi na moja. Chanjo ya surua, ile wengi wetu tunaiita rujole, hutolewa mtoto akifika miezi tisa, pamoja na ile ya homa ya manjano. Mara ya kwanza mama alifika kituoni saa mbili asubuhi, akakuta wenzake watatu tu. Munganga akawaambia wangoje wengine wafike. Wakangoja mpaka saa sita, hakuna aliyefika, wakaambiwa warudi juma lijalo. Juma lililofuata chanjo ilikuwa imekwisha. Kisha ukaja wakati wa kuvuna mpunga, akakaa shambani. Aliporudi, karte ya mtoto ililowa ndani ya mtumbwi siku ya soko, maandishi yakafutika, na akaona haya kwenda kupigiwa kelele mbele ya watu juu ya karte. Haya yote, kwa lugha ya anketi, ni "hana muda".

Niliuliza habari ya ile "ngojeni wengine", nikaelezwa. Chanjo ya surua hufika ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, unachanganywa na maji yake maalum. Kichupa kimoja ni cha watoto 10. Kile cha BCG, sindano inayoacha alama mkononi, ni cha watoto 20. Kikishachanganywa, lazima kitumike ndani ya saa 6, na kinachobaki kinatupwa. Sasa munganga ana vichupa viwili vya surua ndani ya friji, na mbele yake kuna watoto wanne. Akifungua, anatupa dozi sita, na mwisho wa mwezi atatoa hesabu. Asipofungua, mama wanne wanarudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema afungue hata kwa mtoto mmoja. Ni neno zuri, lakini sisi tunaoishi Kindu tunajua vitu vinavyofika hapa kwa ndege kutoka Kinshasa vinavyochelewa, na ninaelewa mkono wa munganga unavyosita.

Lakini surua haingoji. Mwaka 2019 peke yake, nchi yetu iliandika wagonjwa waliodhaniwa kuwa na surua zaidi ya 300,000, na waliokufa walizidi 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Ebola ya mashariki iliyoanza 2018 na kwisha 2020 iliua watu karibu 2,300. Hata hivyo Ebola ndiyo iliyokuwa na magari, redio na wageni. Ugonjwa wa watoto tunauzoea, tunasema utapita. Na ule uchunguzi mkubwa wa kitaifa uliofanyika 2017 na 2018 ulionyesha kwamba kwa watoto 100 wa umri wa mwaka mmoja, waliopata chanjo zao zote walikuwa 35 tu.

Je, 65 waliobaki mama zao wamekataa? Siamini. Kukataa tunakujua, maana tumekwisha kukataa. Mwezi wa tatu 2021 Congo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya Covid, na baadaye ikarudisha kama milioni 1.3 zipelekwe nchi nyingine kabla ya kuharibika, kwa sababu watu hawakujitokeza. Hapo watu walikataa, na walisema wazi kwamba wanakataa. Kwa surua sijasikia maneno hayo. Bibi zetu wote wamezika mtoto wa surua, au wanamjua aliyezika.

Tena kuna jambo la polio linalochanganya akili. Mwaka 2017 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo yenyewe ya matone vilionekana huku Maniema. Mahali ambapo watoto wengi hawana kinga, kile kirusi dhaifu cha matone kinaweza kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu mpaka kibadilike na kupata nguvu. Dawa yake ni kuwachanja wengi zaidi, kwa hiyo watu wa kampeni wanafika mpaka mlangoni, wanatia matone, wanapaka wino kwenye kidole. Ni kazi nzuri. Lakini nimewasikia mama wakisema, "Wangu amekwisha kuchanjwa, tazama kidole." Kidole kina wino wa polio, surua bado. Na wengine wanauliza swali la haki kabisa: kama ya polio inaweza kufika mlangoni, juu ya nini ya surua tuifuate sisi?

Sasa tuje kwenye dawa, maana mlango ni uleule. Usiku mmoja mtoto wa jirani alishikwa na homa. Alikwenda wapi? Kwa muuza dawa wa pembeni. Yule anafungua hata saa nne ya usiku. Anasalimu, anauliza mtoto ana kilo ngapi, haulizi karte. Ukiwa na faranga za vidonge vitatu, anakukatia vitatu. Tukitaka kujua akina mama wanapenda huduma ya namna gani, tutazame pale wanapotoa pesa yao wenyewe bila kulazimishwa: wanapenda mlango ulio karibu, unaofunguka, na mtu asiyewaaibisha.

Ubaya uko katika vile vidonge vitatu. Artemeta-lumefantrini ya malaria humezwa mara mbili kwa siku, siku 3 mfululizo, na inafanya kazi vizuri mtoto akila kitu chenye mafuta kidogo. Ukinunua ya siku moja, homa inashuka na ugonjwa unabaki. Ile nyingine, artesunate na amodiakini, ambayo nchi yetu iliichagua 2005, watu wengi wanaiacha katikati kwa sababu inalegeza mwili. Si ujinga, anayelima hawezi kulegea siku tatu. Lakini wanganga wachache ndio wanaomweleza mama mapema kwamba uchovu huo utakuja na utapita.

Na kuna dawa ambayo hata muuza mwenyewe haijui. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, kule Ituri, watu zaidi ya 1,000 walilazwa hospitalini shingo zimepinda, macho yamegeuka, ulimi haurudi ndani. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. 11 walikufa. Vilipopimwa vidonge walivyomeza, vilivyoandikwa diazepamu, vilikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Hakuna mama ambaye angeweza kuona tofauti kwa macho. Ndiyo maana mimi, pamoja na yote niliyosema juu ya kituo, dawa ya mtoto bado ninaitafuta kituoni, na sindano kwa muuza wa pembeni sikubali.

Kuna utafiti mmoja wa India nilioupenda sana, katika vijiji vya wilaya ya Udaipur, uliotolewa 2010. Katika vijiji ambako hakuna kilichobadilishwa, watoto waliomaliza chanjo walikuwa 6 kwa 100. Mahali walipoweka siku moja ya chanjo kila mwezi, isiyokosa, wakafika 18. Na mahali walipoongeza kilo moja ya dengu kwa kila chanjo na sahani kwa anayemaliza, wakafika 39. Watu wengi wanaposimulia habari hii wanashika zile dengu. Mimi ninashika ile siku isiyokosa. Bila zawadi yoyote, kwa ahadi iliyotimizwa tu, watoto walikuwa mara tatu zaidi. Dengu hatuna, hata kilo ya maharagi hatutaweza kumpa kila mama. Lakini siku tunaweza kupanga.

Katika avenyu yetu tulifanya hivi. Niliwaomba wanafunzi wangu wa darasa la tano waulize nyumbani nani ana mdogo wa miezi tisa au zaidi asiye na sindano ya surua. Kwa siku mbili tukawa na majina kumi na manne. Mama mmoja wa chama akaenda kumwona munganga, akamwuliza kama kichupa kipo, na kama tukileta kumi Jumatano atafungua. Alicheka, akasema tulete hata tisa. Jumatano hiyo walifika kumi na mmoja, na yule wa kumi na moja hakurudishwa. Saa tatu asubuhi tulikuwa tumemaliza, waliokuwa na bidhaa wakawahi soko. Jirani yangu aliandikiwa karte mpya kutoka katika rejista ya kituo, bila kelele. Mtoto alilia kidogo, akanyonya, akalala.

Majina matatu yamebaki. Mmoja mama yake amemfuata bwana yake kwenye machimbo. Wa pili alikuwa na homa siku ile. Wa tatu baba yake anasema angoje kwanza, na tumewaomba wababa wawili wa avenyu waongee naye, kwa sababu kwetu sisi wanawake hatasikia.

Basi, wenzetu wa Alunguli, na ninyi wa Kasuku na Mikelenge kwa vituo vyenu: tazameni karte, si kidole. Mwenye mtoto aliyepita miezi tisa bila surua, ampe jina lake mama kiongozi wa avenyu kabla ya Jumapili, na kiongozi aulize kwanza kama kichupa kipo ndipo muondoke nyumbani. Sisi tunakwenda tena Jumatano ijayo, saa moja na nusu, tunakutana mbele ya shule. Tuko watatu, au wawili kama yule baba hajakubali. Tunatafuta saba.