Chupa Kubwa ya Granby Row

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, sisi hapa nyumbani kwetu Manchester huchanganya kinywaji kipya. Desturi hii ilianza siku mjukuu wetu aliporudi mnyonge kutoka karamu ya kazini. Wenzake walishika bilauri za rangi rangi, yeye akapewa maji ya bomba. Kilevi hakukitaka, alichotaka ni kuwa na kitu mkononi, asionekane mgonjwa. Hatukumlaumu, ila tuliingiwa na hofu.

Tulianza na ukwaju wa maduka ya Rusholme, tukautia tangawizi na iliki. Wiki ya pili tukajaribu mojito, kokteli mashuhuri ya Kuba. Ondoa ramu, na kinachobaki ni ndimu, sukari, nanaa na maji ya soda: kinywaji ambacho Maskati kingetosha kumkirimu shehe. (Mvinyo ulioondolewa kilevi tuliukataa. Hatupendi kuchezea mpaka.)

Wiki ya tatu ilikuwa zamu ya Vimto, tuliyoikamulia ndimu. Jamaa zetu wengi wa Ghuba hufuturu kwayo, nasi miaka mingi tulidhani asili yake ni Uarabuni. Kumbe ilibuniwa papa hapa Manchester mwaka 1908 na John Noel Nichols, kwa zabibu, matunda madogo ya porini, majani na viungo, ili watu wapate kinywaji cha nguvu kisicholevya. Tukaenda Granby Row, mahali ilipoanzia. Pamesimama chupa kubwa ya mti iliyochongwa mwaka 1992, imezungukwa na matunda yake. Mjukuu aliizunguka mara mbili, kimya.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi hadi Rawtenstall, mji mdogo wa vilima kaskazini ya Manchester, penye baa ya kale isiyouza kilevi. Baa za namna hiyo zilienea Lancashire baada ya Joseph Livesey na wenzake 6 kutia saini, mjini Preston mwaka 1832, ahadi ya kuacha vileo vyote.

“Kumbe hata Waingereza walikataa?” akauliza mjukuu.

Tukaagiza sarsaparila, kinywaji cheusi cha mizizi. Kwetu kilinukia dawa ya kikohozi. Yeye alimaliza bilauri yake, akaagiza nyingine, akanunua na chupa ya kuchukua. Jumamosi hii zamu ya kuchanganya ni yake, na amewaalika wawili wa kazini kwake.