Pishi ya Kilele

Msimu mmoja wa karafuu, usharika wetu mdogo hapa Pemba ulikodi mikarafuu ili tupate fedha za kuezeka kanisa. Sisi ni wachache kisiwani, wengi wetu tumetoka Bara, na wachumaji walikuwa majirani zetu Waislamu. Jioni waliteremka na karafuu mbichi, nasi tukazipima chini ya mti na kuwalipa kwa pishi.

Siku ya tatu bibi mmoja aliutazama mkono wetu ukirundika karafuu hadi zikafanya mlima juu ya pishi. Akasema kwa upole, "Mwanangu mchungaji, pishi ni mdomo. Hicho kilele hulipwa na nani?"

Tulicheka. Tukamjibu kwamba wengine nao hupima hivyo. Msimu ukaisha, bati zikanunuliwa, tukamshukuru Mungu.

Miezi baadaye tuliandaa somo la vijana juu ya amri ya saba na biashara. Tulisoma habari za mpango wa Umoja wa Mataifa uitwao Global Compact, uliozinduliwa mwaka 2000 chini ya Katibu Mkuu Kofi Annan. Makampuni hujiunga kwa hiari, yakiahidi kuheshimu haki za binadamu, haki za wafanyakazi na mazingira. Kanuni zilikuwa tisa. Mwaka 2004 ikaongezwa ya kumi, ya kupinga rushwa. Kampuni hutakiwa kutoa taarifa kila mwaka, na isiyotoa huondolewa kwenye orodha. Lakini hakuna hakimu wala faini. Tukaandika katika somo letu: ahadi isiyo na hakimu ni maneno matupu.

Pishi ileile ilikuwa pembeni mwa meza. Tuliijaza mchele hadi kilele, kama tulivyozoea, kisha tukausawazisha kwa ufito. Uliomwagika mkekani ulikuwa mwingi kuliko tulivyotamani uwe. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba kupata mali ya jirani kwa biashara ya hila ni kuivunja amri hiyohiyo. Tumewafundisha watoto wa kipaimara maneno hayo miaka mingi.

Tulilifuta lile sentensi letu, maana kisiwa hiki kinajua habari nyingine. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed aliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake. Mwaka huohuo Kanisa la Marafiki kutoka Uingereza lilianza kazi hapa. Marafiki walinunua shamba la mikarafuu la Banani, karibu na Chake Chake, wakawaajiri kwa ujira watu waliotoka utumwani. Imani yao ilitangulia pale ambapo sheria ilikuwa ikijikokota.

Hata hivyo, dhamiri nayo huchelewa. Familia ya Cadbury, watengenezaji wa chokoleti, ilikuwa ya Marafiki haohao. Mwaka 1901 William Cadbury alisikia kwamba kakao ya São Tomé, waliyokuwa wakiinunua, ilivunwa na watu walio utumwani. Kampuni iliacha kuinunua mwaka 1909. Miaka minane! Tungewanyoshea kidole, kama sisi wenyewe tusingecheka chini ya mkarafuu.

Leo karafuu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na sheria huisubiri kituoni na kuwawinda wenye magendo baharini. Lakini jioni, chini ya mti, anayepima na anayepimiwa wako peke yao na Mungu. Hapo ndipo mahali pa kanuni za hiari. Mithali 11:1 inaitazama mizani yetu, na Yakobo 5:4 anatuambia kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unalia. Majirani zetu nao wana sura nzima, ya 83, inayowaonya wanaopunja vipimo. Yule bibi alikuwa akitukumbusha neno ambalo sote tulikuwa nalo.

Tuliliungama jambo hili mbele ya usharika. Tulikadiria kwamba katika kila pishi tano moja ilikuwa ya bure, tukachanga tena, tukaenda nyumba kwa nyumba. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Sisi tulirudisha kilichopungua tu, na hata hivyo wachumaji wawili walikuwa wamekwisha hama, hatukuwapata. Yule bibi alizihesabu fedha zake, akazifunga katika pindo la kanga, akasema, "Na msimu ujao?"

Msimu uliofuata ufito ulikaa juu ya pishi, na wachumaji wenyewe ndio walioushika.

Ndugu msomaji, huenda hukodi mikarafuu. Una duka, una msaidizi wa nyumbani, una fundi unayemwambia aje kesho kuchukua fedha yake. Kabla hujauliza kama makampuni makubwa yanatimiza ahadi zao, itazame pishi yako. Je, kilele chake hulipwa na nani?