Ziara ya Mafunzo Chini ya Mkwaju

Kama uliomba mkopo miaka hii ya karibuni utakikumbuka kile kipengele kinachouliza kama kaya yenu imo TASAF, na kama imo uandike namba ya kaya. Wenzangu wengi wanakiruka bila hata kukisoma. Mimi nilikaa nacho karibu nusu saa kwenye intaneti kafe moja pale mjini Singida, mkononi nina kikaratasi alichonakilishiwa mama kutoka kwenye kitambulisho chake cha mlengwa, naogopa kijana wa kafe asije akaisoma ile namba kwa sauti. Mwishowe nikaandika. Mkopo nikapata. Halafu mwaka wa kwanza wote sikumwambia mtu, hata yule niliyekuwa nabebana naye kitanda hosteli.

Mnajua tunavyotaniana. Mtu akivaa kiatu kilichochoka anaambiwa kimetoka TASAF. Bumu likichelewa, utasikia korido nzima, "jamani sisi ni kaya maskini, tunusuruni." Nilikuwa nacheka nao, na nilikuwa nacheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwa wasiojua: Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza mwaka 2012, chini ya mfuko ambao wenyewe upo tangu mwaka 2000. Kaya ilikuwa inapokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa na masharti: mtoto aende shule, mdogo apelekwe kliniki. Kisha kulikuwa na ajira za muda. Wanakijiji wenye nguvu ya kufanya kazi walikuwa wanachimba lambo, wanafungua barabara, wanapanda miti, siku zisizozidi 60 kwa mwaka, wanalipwa kwa siku. Awamu ya kwanza ilikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, siku 60 ni shilingi 138,000. Kwetu hiyo ilikuwa sare zangu za shule, madaftari, na mabati manne.

Mama alichimba lambo. Nilikuwa kidato cha pili, nikirudi shule namkuta amekaa kizingitini anajikanda shingo, maana udongo walikuwa wanaubeba kichwani kwa karai. Lambo likaisha, wakaja wageni, zikapigwa picha. Msimu wa mvua uliofuata likajaa maji, tukafurahi, ng'ombe wa kijiji kizima wakashuka kunywa. Msimu wa pili likajaa tope. Hawakuacha njia ya kutosha ya kutolea maji yaliyozidi, kwa hiyo maji yakala ukingo upande mmoja. Na huko juu yanakotokea maji hakuna aliyepanda kitu cha kushika udongo. Ng'ombe nao walikuwa wanaingia mpaka ndani, wanabomoa kingo kwa kwato. Siku 60 za shingo ya mama zikageuka dimbwi la vyura.

Hayo niliyabeba bila kujua nimeyabeba, mpaka mwaka wa pili darasani.

Kuna mhadhara mmoja tulifundishwa jinsi nchi zinavyojifunza kutoka kwa nchi nyingine kwenye mambo haya ya hifadhi ya jamii. Meksiko ilianza mpango wake wa Progresa mwaka 1997, ikawa inalinganisha vijiji vilivyoanza mapema na vilivyosubiri ili kuona kama fedha zinasaidia kweli. Brazili ikaja na Bolsa Família mwaka 2003. Ethiopia mwaka 2005 ikaanzisha mpango mkubwa unaounganisha ruzuku na kazi za jamii. Sisi tukafanya majaribio Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, malipo yakaanza 2010: vijiji 80, nusu vikaanza, nusu vikabaki vya kulinganishia. Mhadhiri akaeleza vizuri sana, wataalamu wanapanda ndege, wanakaa mezani, wanaulizana nini kimewashinda. Nikanakili kila kitu. Pembeni ya daftari nikaandika swali ambalo sikuthubutu kuliuliza: na kijiji na kijiji je?

Maana nilikuwa nakumbuka jambo. Kijiji cha jirani yetu, mwendo wa baiskeli saa mbili hivi, lambo lao lilikufa mwaka mmoja kabla ya letu. Kwa tope lilelile. Tulikuja kusikia mnadani, letu likiwa limeshakufa.

Basi mwezi wa nane nikaenda fildi. Nilipangiwa halmashauri moja, mkoa mwingine kabisa, siitaji, idara ya maendeleo ya jamii. Wiki ya tatu tukaambiwa kuna ziara ya mafunzo: wenzetu wa halmashauri nyingine wanakuja kujifunza kwetu namna tunavyosimamia ajira za muda na vikundi vya akiba. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri nikapewa kazi ya kuandaa shuhuda. Yaani nikae na akina mama watatu, nisikilize maisha yao, niyaandike yawe ya dakika tatu tatu, kisha niwafundishe kuyasema.

Nilifanya kazi hiyo, tena kwa bidii. Mama mmoja alikuwa na kuku, nikamwandikia kuku. Mwingine amejenga, nikaandika nyumba. Wa tatu, mtu mzima kidogo, alitaka kueleza kwamba kikundi chao kiliwahi kuvunjika kwa sababu funguo zote tatu za sanduku zilikaa nyumba moja, mama na wakwe zake wawili. Nikamwambia, "Mama, hilo tuliache, tuanzie pale mlipoinuka." Akaniangalia. Akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye msomi."

Siku ya ziara mnaijua ilivyo hata kama hamjawahi kuiona. Kitabu cha wageni, utambulisho nusu saa, ngoma, taarifa ya utekelezaji iliyosomwa neno kwa neno. Shuhuda zikatolewa, makofi. Mgeni mmoja akauliza changamoto ni zipi, akajibiwa ni usafiri na uhaba wa vitendea kazi. Wote wakaandika. Saa nane maofisa wakaingia ndani ya ofisi ya kijiji kula pilau.

Kumbe wageni walikuwa wamekuja na walengwa wao wanne kwenye ile gari, na ratiba haikuwa imewapa nafasi yoyote. Wakabaki nje chini ya mkwaju pamoja na akina mama wenyeji. Mimi nilikuwa nagawa soda. Nilipofika pale nikasikia yule mama niliyemkatisha anasema, "Sasa niwaambie ukweli wa lile sanduku."

Sikuondoka tena. Soda za ndani zilichelewa, nikasemwa.

Alieleza yote. Jinsi walivyokosana, nani aliapa msikitini, nani aliapa kanisani, hela hazikurudi. Kisha walichofanya: funguo zikakaa kwa watu wa vitongoji vitatu tofauti wasio ndugu, na kila wakifunga mkutano wanataja kwa sauti kiasi kilichobaki, kila mtu anakirudia, ili mkutano unaofuata asiwepo wa kusema amesahau. Wengi hawajui kusoma, kwa hiyo vichwa vyao ndiyo leja. Mama mmoja mgeni akasema kwao wanafanya hivyo ila mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa, wanaufunga kwenye kitambaa chake peke yake, usichanganyike na hisa. "Kwa nini?" "Kwa sababu mtu akifiwa hamtaanza kugombana hii ni ya nani." Wenyeji wakaguna wale wa kuguna kwa kuelewa. Hilo lilikuwa limewasumbua miaka.

Halafu wakafika kwenye malambo, nami nikakaa chini kabisa, na kreti langu.

Wageni lao la kwanza lilijaa tope. Neno kwa neno kama la kwetu. La pili walipochimba, mzee mmoja mfugaji akawaambia waache kwanza kuchimba, waende juu kunakotoka maji. Wakapanda mkonge mistari miwili kukingama mkondo, wakachimba vishimo vya kunasia tope kabla maji hayajaingia lamboni, vinazolewa kila kiangazi. Njia ya maji yaliyozidi wakaipanga mawe. Na ng'ombe hawaingii: wamezungushia miiba, wakajenga birika la kunyweshea pembeni. "Mwaka wa tatu huu lina maji," alisema, "na hakuna injinia aliyekuja kutuuliza."

Ndiyo maana nasema ile siku ziara mbili zilifanyika. Moja ilikuwa na posho. Na tofauti si kwamba wakubwa ni wajinga na akina mama wana hekima, hapana, nimeona maofisa pale wanaofanya kazi usiku kwa simu zao wenyewe. Tofauti ni kwamba ofisa akisema mbele ya ofisa mwenzake "mradi wetu uliharibika" anakuwa amejiandikia barua. Akina mama chini ya mkwaju hawakuwa na cha kupoteza kwa kusema wameharibu. Ni kama diskasheni zetu. Ukienda chimbo usiku wa kuamkia tesiti, na mtu pekee anayeongea ni yule anayejua, mnatoka mnasinzia. Siku mtu wa kwanza akisema "mimi hapa sielewi kabisa tangu wiki ya pili," ndipo mnaanza kusoma.

Sasa sehemu yangu mbaya.

Nikaandika yote haya kwenye ripoti yangu ya fildi. Kurasa mbili, sura ya nne. Niliandika kwamba taarifa zinazokwenda juu zinasema "umekamilika", na lambo lililokufa na lambo lililo hai yote yamekamilika, kwa hiyo kijiji cha tatu hakina namna ya kujua kijifunze wapi. Nikapendekeza walengwa watembeleane, hata kwa bodaboda, kabla ya kuanza mradi. Ofisa aliyenisimamia akasoma, akavua miwani. Hakuwa mkali. Akasema, "Binti, hii ni ripoti ya fildi, siyo kesi. Mafanikio weka mengi. Changamoto weka mbili, usafiri na vitendea kazi."

Nilikuwa nahitaji sahihi na muhuri wake. Basi la kurudi chuo lilikuwa kesho yake. Nikafuta kurasa mbili mbele yake, nikaweka aya moja, akagonga muhuri. Nilipata B+.

Ningeweza kujitetea kwamba kila mtu anafanya. Lakini mimi siyo kila mtu, mimi ni mtoto wa mtu aliyebeba lile karai, na ndani ya siku tisa nilikuwa nimemkatisha mama mmoja asiseme ukweli na nikajikatisha mwenyewe.

Usiku ule nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za masomo. Nikamweleza mkonge, vishimo, mawe, birika. Aliniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake: mistari ya mkonge inaachana hatua ngapi? Vishimo vina kina gani? Wakati wa kuvizoa nani anatoka, wote au kwa zamu? Nikagundua nilikaa pale chini ya mkwaju nikiguswa moyo, wala sikuuliza kitu chochote cha kumsaidia mtu anayechimba. Ila namba ya simu ya yule mama mgeni nilikuwa nimeichukua. Nikampa.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa simu tu. Walizungumza wenyewe, mara tatu, mama akinunua vocha ya mia tano. Kikundi chao kikatoa nauli kwa watu wawili waende kuona kwa macho, walilala kwa mwenyeji wao siku moja, wakarudi na vichipukizi vya mkonge ndani ya kiroba. Walianzia juu ya korongo, kwa hiari, bila malipo ya siku, kwa sababu lile lambo kwenye vitabu limekamilika na haliwezi kuingizwa tena. Si wote walijitokeza. Wapo waliosema hawachimbi bure, na siwezi kuwalaumu. Msimu huu maji yamekaa mpaka mwezi wa sita, kabla ya hapo yalikuwa yanakauka wa nne.

Mwaka huu nimewaambia wenzangu wa chumba. Mmoja akanyamaza, kisha akasema kwao pia, bibi yake. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja miezi saba.

Wiki iliyopita mama amenipigia. Wale jirani zetu wa saa mbili kwa baiskeli wamesikia, wanataka kuja kuona, na safari hii kikundi kinataka kuwe na maandishi ili wa mbali nao wapate. Ameniambia nikija likizo ninunue kaunta buku kubwa, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri.

"Uanze na lile lililotushinda," akasema. "Hilo la maji kukaa litakuja baadaye."