Nyaya za Spika na Miguu ya Mpira

Mpwa wangu mpendwa,

Orodha yako nimeisoma mstari kwa mstari: miguu ya mpira ya kuweka chini ya kila chombo, vigoda vya kuinulia nyaya zisiguse sakafu, na waya wa spika unaozidi bei ya spika zenyewe. Umeniomba ushauri kabla hujatoa fedha, nami nimefurahi umeuliza mapema.

Tuanze na kinanda cha santuri, maana hapo una haki. Sindano husoma mitetemo midogo mno iliyochongwa kwenye mchirizi, wala haina namna ya kutenganisha mtetemo wa mwimbaji na mtetemo wa meza. Jaribu leo usiku. Chukua santuri iliyokwisha kuchakaa, usiizungushe, shusha sindano juu yake, ongeza sauti polepole, kisha igonge meza kwa ukucha. Ukucha wako utausikia kwenye spika. Nawe, kwa picha uliyonitumia, spika umezipanga juu ya kabati lile lile lililobeba kinanda! Besi inatoka kwenye spika, inapita kwenye ubao, inaingia kwenye sindano, inakuzwa, inatoka tena kubwa zaidi. Ndiyo maana ukipandisha sauti unapata ule mvumo unaoulalamikia. Zishushe spika kwenye kabati kwanza, hilo halina gharama. Kisha kinanda kipe rafu iliyofungwa ukutani, au kikalishe juu ya bamba zito la jiwe lenye mpira laini chini yake. Miguu ya mpira hapo, ndiyo, nunua.

Sasa rudia jaribio hilo kwa deki ya CD na kwa amplifaya yako. Gonga upendavyo, hutasikia kitu. Amplifaya ya transista haina ndani yake kifaa cha kusoma mtikisiko. Ya valvu ni habari nyingine, kwa kuwa valvu ikigongwa huweza kulia, lakini yako si ya valvu. CD nayo, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, ina hesabu za kusahihisha makosa madogo ya usomaji. Hivyo viwili havihitaji miguu mipya.

Kwenye nyaya, uliza kwanza umeme unaopita humo una nguvu gani. Kichwa cha sindano cha aina ya kawaida hutoa kama milivolti 5 tu, ilhali deki ya CD hutoa hadi volti 2, yaani mara 400. Kitu dhaifu namna hiyo huchafuliwa kwa urahisi. Waya wake uwe mfupi, uwe na kinga ya wavu wa shaba, upite mbali na waya wa umeme wa ukutani, na ule waya mwembamba wa ethi uukaze kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya. Wengi huuacha unaning'inia, kisha wanashangaa kusikia mngurumo wa hezi 50 usiku kucha.

Waya wa spika haumo katika hatari hiyo. Kinachotazamwa pale hasa ni ukinzani. Roger Russell, aliyeongoza utafiti wa sauti katika kampuni ya McIntosh ya Marekani, alishauri ukinzani wa waya usifike asilimia 5 ya ule wa spika. Chukua waya laini wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wa nyuzi nyingi, unaouzwa duka lolote la vifaa vya umeme. Mita 5 kwenda na mita 5 kurudi ni kama omu 0.07, na spika yako ni ya omu 8. Haufiki hata asilimia 1! Uzi mwembamba wa 0.2 kwa umbali huo huo unavuka asilimia 10, huo utupe. Ncha zisafishe na kuzikaza, maana chumvi ya hewa ya pwani huigeuza shaba kuwa ya kijani. Kwa sababu hiyo ncha zilizopakwa dhahabu zina faida ya kweli, na hazina haja ya kuwa ghali.

Utaniambia rafiki yako amesikia tofauti ya nyaya ghali. Simwiti mwongo. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha wafanyakazi wa Harman, kampuni ya vyombo vya sauti, spika zile zile, mara zikiwa nyuma ya pazia, mara wakiziona. Walipoziona, alama zilibadilika, na spika ndogo ya bei nafuu ikashuka. Jicho huingia katika hukumu ya sikio, hata kwa watu wa kazi hiyo. Mwaka 2007 James Randi, mchunguzi wa madai ya ajabu, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetambua kwa sikio tupu nyaya za dola 7,250. Jaribio hilo halikufanyika. Wewe lifanye kwako: mkeo abadilishe nyaya bila kukuambia, sauti ikiwa pale pale, kwa kuwa ikizidi hata kidogo itaonekana nzuri zaidi.

Fedha itakayobaki itumie chumbani. Kuta zako mbili ziko mita 4 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo besi ya karibu na hezi 43 itavimba na kukuziba masikio, na hakuna waya wa kuitibu. Kuipunguza, zisogeze spika mbali na pembe; kwa mwangwi wa sauti za juu, tandika zulia, weka pazia zito na rafu ya vitabu.

Halafu sindano. Zile santuri za taarabu alizokuachia bibi yako hazipatikani tena madukani, na sindano iliyolika huzikwangua kila unapozipiga. Zipumzishe kwa sasa. Nitumie namba iliyoandikwa kwenye kichwa cha sindano, nami nitamuulizia fundi wa hapa Tanga kama anayo mpya ya kukufaa.

Mjomba wako